Barua Pepe ya Kijana wa Saiba

Mwenyekiti wa SACCO yetu hapa Busia, upande wa Uganda, alichoshwa na majina ya kuingilia kwenye mfumo wa kompyuta. Kila mama sokoni alijisajili kama mamaasha. Mfumo ukimkatalia anakuwa mamaasha2, kisha anasahau yeye ni wa ngapi. Akaamuru watu waingie kwa barua pepe. Nikamwomba tukague orodha kwanza. Wapi! Alikwisha tangaza msikitini na kanisani.

Mfumo wenyewe umejengwa kwa Django, zana ya waandika programu ya kujengea tovuti. Ukiuacha ulivyo, Django haikubali jina la mtumiaji lijirudie, ila barua pepe haina habari nayo. Soko zima likijaza anwani moja, sawa tu. Na kumbe walikuwa wamejaza moja! Nikashuka ukurasa baada ya ukurasa, anwani ni ile ile.

"Hajati, hii barua pepe ni yako?"

"Yangu, mwanangu. Huwa ananiwekea yule kijana wa saiba, kile kibanda cha intaneti pale stendi."

Mzee wa spea za baiskeli naye kawekewa. Mhasibu wetu pia, na huyo ana diploma.

Hapo ndipo Hajati akabonyeza "Nimesahau nywila". Sasa Django ikiombwa hivyo hutafuta kila akaunti hai yenye anwani hiyo, na kwa kila akaunti hutuma barua yake, yenye jina la mtumiaji na kiungo cha kuweka nywila mpya. Hajati kaomba moja, kijana kashushiwa mzigo wa soko zima.

Nilipofika saiba, foleni ilikuwa imepita kibanda cha rolex, zile chapati za kuviringishia mayai. Kijana amezichapa zote, anaita kama karani wa zahanati: "Mamaasha! Mamaasha wa pili! Wa tatu yupo?" Karatasi shilingi 1,000. Akina mama wameinamia simu, kidole kimoja juu ya kiungo, kingine kinaandika, wanaulizana kama hiyo ni sifuri au ni O. (Ilikuwa O. Aliyeandika sifuri alirudi mwisho wa foleni.)

"Kijana, acha mara moja! Hizi ni siri za watu!"

"Wewe nani, ssebo?"

"Mimi ndiye fundi wa mfumo."

Akalamba kidole, akapekua bunda, akachomoa karatasi moja.

"Afadhali umekuja. Hii ya mwenyekiti. Utampelekea? Elfu moja."

Nikatoa elfu.