Chuo cha Mwisho wa Wiki Kipangwe kwa Saa za Mwanafunzi

Nilirudi darasani nikiwa na umri wa miaka 36, karani wa hesabu katika ofisi moja ya hapa mjini Unguja na mama wa watoto watatu. Chuo nilichojiunga nacho, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa kimetangaza programu ya mwisho wa wiki kwa watu wenye ajira, na tangazo lake lilisema wazi kwamba mwanafunzi hatahitaji kuomba ruhusa kazini. Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Ulipokaribia kumalizika ikabandikwa ratiba ya mitihani, na kati ya mitihani sita, minne ilikuwa imewekwa baina ya Jumatatu na Alhamisi, saa tatu za asubuhi. Sisi wa maofisini tuliomba ruhusa, tukapewa kwa shingo upande. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Kiwengwa, wakati ule msimu wa wageni umepamba moto, alinyimwa. Akakosa mitihani miwili, na mwaka uliofuata akayarudia masomo yote mawili na kuyalipia ada upya.

Nimeifikiria sana ratiba ile, hasa tangu nilipoanza mwenyewe kufundisha darasa la Jumamosi. Aliyeipanga hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kumbi zake, wasimamizi wake na kalenda ya wanafunzi wa kila siku, akatuingiza humo. Chuo kilikuwa kimehamisha mihadhara tu kuipeleka Jumamosi na Jumapili, na mambo mengine yote yakabaki yalipokuwa. Ofisi ya msajili ikifungwa Ijumaa mchana. Maktaba ikifungwa Jumamosi saa saba, nasi tukitoka darasani saa kumi. Mwanafunzi mwenye tatizo la matokeo alilazimika kulisubiri hadi siku ambayo hawezi kufika. Maoni yangu ni kwamba programu ya namna hii lazima ianzie kwenye saa alizonazo mwanafunzi, kisha chuo kijiulize kama kinaweza kumfuata huko, na kikiona hakiwezi, basi kisitangaze.

Wamarekani wanawaita wanafunzi kama sisi kwa jina lenye maana ya wasiofuata njia ya kawaida, na watafiti wao wamezitaja alama saba za kuwatambulia: aliyechelewa kujiunga na chuo baada ya sekondari, anayesoma kwa sehemu ya muda, anayefanya kazi muda wote, anayejitegemea kifedha, mwenye watu wanaomtegemea, mzazi anayelea peke yake, na yule asiyemaliza sekondari kwa utaratibu wa kawaida. Nikiisoma orodha hiyo nawaona majirani zangu wa Unguja na Pemba. Kuna kizazi kizima hapa kwetu ambacho mtihani wa Kidato cha Pili ndio uliokuwa mwisho wa skuli yao. Wakaingia katika uvuvi, ushoni, biashara ya viungo, udereva na ulezi, na miaka ishirini baadaye wana akili iliyokomaa na hawana cheti. Kuwaita watu hao wasio wa kawaida ni kupima kwa kipimo cha kijana wa miaka 19 anayelala bwenini.

Tena kusoma baada ya kazi si jambo geni katika visiwa hivi. Darsa za misikitini, zile za baina ya Magharibi na Isha, zimewakusanya kwa vizazi vingi mafundi, wavuvi na wafanyabiashara ambao mchana kutwa walikuwa kwenye shughuli zao. Mwalimu alijua kwamba mwanafunzi wake atafika amechoka, akapima kiasi cha kusomesha. Na aliyekwenda safari ya bahari akirudi alikuta kitabu bado kinaendelea, akaingia alipokikuta. Utaratibu ule ulizingatia maisha ya msomaji, na kwangu mimi hilo ni fundisho kubwa kuliko mengi yanayoletwa kwetu na washauri wa mipango.

Huko Chicago, chuo cha wanawake cha Mundelein, kilichokuwa kikiendeshwa na masista wa Kikatoliki, kilianzisha programu yake ya mwisho wa wiki mwaka 1974, ikawa miongoni mwa za mwanzo nchini Marekani, na mwaka 1991 chuo chenyewe kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Loyola. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, nacho kimewasaidia watu wengi waliofungwa na kazi. Hata hivyo masomo ya masafa na masomo ya mwisho wa wiki ni vitu viwili. Mtu aliyekaa nje ya skuli kwa miaka kumi na tano mara nyingi anahitaji kuuona uso wa mwalimu na kuwasikia wenzake wakiuliza swali ambalo yeye aliona haya kuliuliza.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndipo ahadi nyingi zinapovunjika. Kwa mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikijumuisha mihadhara, kusoma mwenyewe, mazoezi na mitihani. Na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Hizo ni saa 3,600. Mtu anayekaa darasani saa 11 kila mwisho wa wiki, kisha akajitahidi kusoma saa 9 nyingine usiku wa siku za kazi, anapata saa 20 kwa wiki. Akidumu hivyo kwa wiki 40 za mwaka, anafikisha saa 800, na shahada inamchukua miaka minne na nusu. Ili amalize kwa miaka mitatu atahitaji saa 30 kila wiki juu ya kazi yake na nyumba yake. Wapo wanaoweza, lakini ni wachache, na programu haifai kupangwa kwa kuwategemea wao. Chuo kinachomwambia mfanyakazi kwamba atamaliza sawa na kijana wa bwenini, ama kitapunguza masomo kimyakimya, ama kitamwacha aanguke. Mimi napendelea mtu aambiwe tangu siku ya kujiandikisha kwamba safari ni ya miaka mitano, apewe vyeti vya ngazi za njiani, ili hata akikwama mwaka wa tatu awe ameshika kitu mkononi.

Baada ya hesabu inakuja kalenda, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu neno lenyewe mwisho wa wiki linatudanganya. Jumamosi na Jumapili ni mapumziko ya nani? Ni ya mtumishi wa serikali na karani wa benki. Mfanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje anakwenda kwa zamu, na siku yake ya mapumziko inaweza kuwa Jumanne au Jumatano. Darasa la Jumamosi halimfai hata kidogo. Lakini mtu huyo ana kitu ambacho mtumishi wa ofisini hana: ana masika. Mwezi wa Aprili na wa Mei wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga milango, na wafanyakazi wengi hurudi majumbani. Wiki sita za masika zinaweza kubeba masomo mawili mazito ya kusoma kila siku, ilhali katika miezi ya wageni mwanafunzi akabakiwa na somo moja tu, likifundishwa mara mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumanne, mada ileile, ili ahudhurie siku ambayo zamu inamruhusu. Mwalimu atalalamika kwamba anasema jambo moja mara mbili. Nami nimefanya hivyo muhula mzima, na naweza kusema kwamba mara ya pili nilifundisha vizuri zaidi.

Mkulima wa mwani ana kalenda nyingine kabisa. Tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara upande wa mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake, na kazi yao hufuata bamvua, yaani siku za maji kupwa na kujaa kupita kawaida, ambayo huja mara mbili katika kila mwezi wa kuandama: unapoandama na unapopevuka. Siku hizo maji hutoka sana asubuhi kuelekea mchana, na hapo ndipo wanaposhuka kufunga mbegu na kuvuna. Ni saa zilezile ambazo chuo cha mjini kimeziandika kuwa za mihadhara. Siku za maji mafu, yaani bahari inapopwa na kujaa kidogo tu, huwa na nafasi zaidi. Kwa hiyo darasa lililopangwa kila Jumamosi asubuhi litampoteza mwanamke huyu takriban nusu ya muhula, na katika daftari la mahudhurio ataandikwa mtoro. Jedwali la maji kupwa na kujaa hutolewa kwa mwaka mzima kabla ya mwaka kuanza, na kila nahodha analijua. Sioni kwa nini mpangaji wa ratiba wa chuo kilichozungukwa na bahari asiliweke mezani kwake.

Kwa upande wa Pemba kuna karafuu. Msimu ukishika, familia nzima huingia mashambani kuchuma, kuchambua na kuanika, na pesa ya msimu huo ndiyo itakayolipa ada. Kumwita mchumaji darasani katika wiki hizo ni kumwambia achague baina ya masomo na uwezo wa kuyalipia. Ramadhani nayo hurudi nyuma kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo ratiba ya mwaka huu haiwezi kunakiliwa kwa mwaka ujao.

Mahali pa kusomea ni suala la nauli na la usiku. Tunguu, penye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na pia Chuo Kikuu cha Zanzibar, ni mahali pazuri kwa kijana aliyepanga chumba jirani. Kwa mama wa Nungwi ni safari ya kuingia mjini kisha kutoka tena, na jioni gari za shamba, yaani za vijijini, hazimsubiri mtu. Skuli za sekondari za Makunduchi, Mkwajuni, Micheweni na Kengeja zina madarasa ambayo siku za mapumziko hayana wanafunzi wa kawaida. Mhadhiri mmoja akipanda gari kuwafuata wanafunzi 30 ni nafuu kuliko wanafunzi 30 kumfuata mhadhiri mmoja.

Kisha kuna watoto. Darasani kwetu alikuwapo dada mmoja aliyekuwa akija na mwanawe wa miezi minane, akikaa karibu na mlango ili aweze kutoka nje mtoto akilia. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemsaidia. Chumba kimoja chenye mkeka, maji safi na bibi mmoja anayelipwa kwa siku hiyo kingemwezesha kuusikiliza mhadhara wote. Nilimwona akiandika kwa mkono mmoja miaka miwili mizima, kisha akaacha kuja, na hadi leo naona uzito moyoni kwamba mimi niliyekaa kiti cha mbele yake sikuwahi kumwambia nipe nimshike.

Watu hawa hawaji mikono mitupu. Mwongoza wageni anayezungumza Kiitaliano alichojifunza kazini, fundi wa majahazi anayepima mbao kwa macho, mweka hesabu wa chama cha ushirika ambaye daftari lake halijawahi kupotea shilingi, wote wanajua mambo ambayo mtaala unataka kuwafundisha upya kuanzia herufi ya kwanza. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo nchini, katika mafunzo ya amali na hata katika kuingia chuo kikuu, nao ungepaswa kuwa mlango mkuu wa programu hizi. Mtu apimwe kwa haki, na alichokijua kihesabiwe katika zile krediti 360.

Kiingereza nacho kimewafukuza watu wazima wengi ambao wasingefukuzwa na somo lenyewe. Nimemwona mzee anayejua hesabu za biashara kuliko mimi akishindwa kulijibu swali kwa sababu hakulielewa lilivyoandikwa. Ningependa muhula wa kwanza uwe wa kujenga lugha na mazoea ya kusoma, mhadhiri akiwa na ruhusa ya wazi ya kufafanua kwa Kiswahili, pasipo kuhisi kwamba anavunja kanuni.

Ada ilipwe kwa somo na kwa mwezi, baada ya mshahara kutoka au mavuno kuuzwa, kama watu wanavyochangia upatu. Naye mhadhiri wa Jumamosi apewe siku nyingine ya kupumzika, na saa zake zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi, kwani mwalimu aliyechoka tangu Jumatatu hana cha kumpa mwanafunzi aliyechoka tangu Jumatatu.

Wiki hii naandaa ratiba ya muhula ujao ya darasa langu dogo la utunzaji wa hesabu, ambalo safari hii litakuwa shamba, upande wa mashariki, na zaidi ya nusu ya waliojiandikisha ni wakulima wa mwani. Nimeiweka kalenda kando ya jedwali la maji. Jumamosi tano zimeangukia bamvua, na mbele ya kila moja nimefuta asubuhi nikaandika: baada ya sala ya alasiri. Ninachotafuta sasa ni mlinzi atakayekubali kutufungulia skuli saa hizo, na taa mbili za kuwaka hadi saa mbili za usiku.