Msitu wa Nara na kaya zetu za Kwale

Jamaa wa nyumbani wanaopanga kuja Japani huniuliza nitawatembeza wapi, na wengi huwa wameshajijibu: Tokyo, wakaone taa na majumba marefu. Mimi huwapeleka Nara. Nakaa Osaka, na kwa treni safari hiyo haifiki hata saa moja. Huko kuna msitu wa Kasugayama, nyuma ya hekalu la Kishinto liitwalo Kasuga Taisha, na mtu wa Kwale akiingia pale haoni ugeni wowote.

Mwaka 841 ilipigwa marufuku kuwinda na kukata miti katika mlima ule, kwa kuwa ni mlima wa miungu wa Kasuga. Karibu miaka 1,200 imepita na msitu ungali umesimama, ilhali mji wenye watu zaidi ya laki tatu umeujia hadi mlangoni. Sasa hiyo si kaya, kama misitu mitakatifu ya kwetu Kwale? Wazee wetu wa Kimijikenda walijenga vijiji vyao ndani ya misitu, na watu walipohamia nje, msitu ukabaki kuwa mahali pa makaburi na maombi, panga haligusi. Ukienda Kaya Kinondo, kule Diani, unafungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na hutoki na kitu, hata jani lililodondoka. UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kasugayama iliingia mwaka 1998.

Ndiyo maana sikubali nikisikia Wakenya wenzangu wakisema Mjapani anapenda mazingira kuliko sisi. Baada ya vita vya pili vya dunia milima mingi ya hapa ilipandwa mierezi ya aina moja, mstari kwa mstari, ili ipatikane mbao. Matokeo yake kila majira ya kuchipua chavua hujaa hewani, watu wakawa macho mekundu, pua zinachuruzika, barakoa usoni. Kwa mbali mlima unauona wa kijani na unausifu, kumbe ni shamba la mbao. Kilichosalia cha asili karibu na miji mara nyingi kimesalia kwa sababu kuna hekalu karibu, kama ambavyo kwetu, baina ya mashamba na mahoteli, miti mikubwa imebaki pale wazee wa kaya waliposema hapana.

Penye tofauti ni nani anayeingia. Siku yoyote ya shule, Nara imejaa watoto. Wanakuja kwa mabasi kutoka mikoa ya mbali, kofia za rangi moja, mwalimu mbele na kibendera. Wananunua biskuti nyembamba za pumba za mchele na kuwalisha kulungu, ambao wako zaidi ya 1,000 wakizurura mjini. Kulungu huinamisha kichwa, mtoto naye huinama, biskuti inatolewa. Kisha wanaingia hekalu la Kibudha la Todai-ji kumwona Budha wa shaba mwenye kimo cha mita 15 hivi, aliyezinduliwa mwaka 752. Mwalimu anawaeleza kuwa jumba hili liliungua mwaka 1180, likajengwa, likaungua tena mwaka 1567, na hili la sasa lilikamilika mwaka 1709. Nyuma ya Budha kuna nguzo yenye tundu chini, na watoto wanapanga foleni wapenye, mmoja anavutwa mikono huku wenzake wakimshangilia. Mtoto huyo hataisahau Nara maisha yake yote.

Sisi safari ya shule ilikuwa Mombasa: Fort Jesus, halafu Haller Park kuwaona twiga. Ni sawa, sipingi. Lakini kaya tulizipita na matatu tukiambiwa tu kwamba mna mashetani, basi, maneno yakaishia hapo. Walioingia na kusimuliwa historia ya babu zetu ni watalii wa mahoteli. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote ninaloweza kulilinganisha kati ya nchi hizi mbili.

Japani nayo haijakamilika. Kulungu wale wale wanaopendwa hula miche ya Kasugayama, kwa hiyo miti mizee ikianguka hakuna ya kushika nafasi, na sehemu nyingine imebidi ziwekwe uzio. Kyoto siku hizi watu wamesongamana mpaka njia hazipitiki. Mwenye kutaka utulivu namshauri njia za mahujaji za Kumano, kusini zaidi. Unapanda ngazi za mawe kati ya mierezi mikongwe, unafika maporomoko ya Nachi, mita 133. Pale maporomoko yenyewe ndiyo yanayoabudiwa. Hakuna jumba mbele yake, watu wanapiga makofi na kuinama kuelekea majini. Juu kabisa imefungwa kamba nene ya majani ya mpunga, na mara mbili kwa mwaka makuhani wa hekalu hupanda kuibadilisha. Nilipoyaona hayo niliwakumbuka wazee wa kaya, wasio na mshahara wala wa kuwarithi.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila shule ya msingi ya Kwale iwapeleke watoto kaya mara moja kwa mwaka, na mzee atakayewaongoza alipwe na kaunti kama anavyolipwa mwalimu, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Kilifi wafanye hivyo Gede, ambako mizizi imekumbatia kuta za mji wa kale na msitu una kima na vipepeo. Mwalimu wa Ukunda au Msambweni hana haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi: aombe ruhusa kwa wazee, akodishe basi, waende muhula huu.