Kengele ya saa tatu na dakika tano

Miaka minane nipo Uingereza, na Oxford nimefika Jumamosi iliyopita tu. Majengo mmeyaona kwenye picha, sitawachosha nayo. Nina habari ya kengele moja.

Christ Church, kimojawapo cha vyuo vinavyounda Oxford, kina mnara wenye kengele ya zaidi ya tani 6, Great Tom. Kila usiku saa 3 na dakika 5 inagonga mara 101, hesabu ya wanafunzi wa chuo hicho enzi hizo. Kwa nini isiwe saa 3 kamili? Kwa kufuata jua, Oxford iko nyuma ya Greenwich, London, kwa dakika 5. Reli zilipoenea karne ya 19, miji ikaanza kufuata saa ya London. Kengele ikabaki na jua lake. Nilisimama barabarani nikahesabu zote. Kufika 40 vidole vya miguu vilishakufa ganzi. Mzee mmoja akapita na mbwa wake, hata kichwa hakuinua.

Nikaikumbuka Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. UDOM niliyosoma imeanzishwa 2007. Oxford walikuwa wakifundisha tangu 1096. Wengi tulio huku tukilinganisha hivyo tunakata tamaa, tunasema sisi bado sana. Mimi sikubali. Chuo ni kichanga, ila ardhi kilipojengwa ina wenyewe, na Wagogo hawakuanza jana. Shangazi zangu kule Mvumi hupiga muheme, ngoma wameibana mapajani, wanawake watupu, na mdundo huo waliupokea kwa mama zao. Natamani sana mahafali ya UDOM yafunguliwe kwa muheme kila mwaka, bila kuruka hata mmoja, mpaka wajukuu wetu waone ndivyo ilivyo. Dakika 5 zile zimedumu kwa sababu kuna watu waligoma kuziachia, basi.

Na sisi tunayo saa yetu, inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza. Inaniuma kwamba nimewalea wanangu huku bila kuwafundisha.

Jana asubuhi binti yangu akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi.

"Baba, ni kumi."

Nikamketisha, nikaanza kumweleza jua la Dodoma linavyochomoza.