Saa Tatu Usiku, Muziki Bado Unapigwa

Katika mji wa Brighton, Uingereza, palikuwa na bendi ya panki iliyoitwa Heavy Load. Ndani yake walikuwamo wanamuziki wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Wakiwa jukwaani waliona jambo linalojirudia: ikifika saa tatu usiku, ukumbi unaanza kupwaya. Mashabiki wao wengi walikuwa watu wazima wenye ulemavu wanaoishi kwa kusaidiwa na wahudumu, na zamu ya mhudumu ilikuwa inaisha saa nne. Ili saa nne imkute mhudumu ameshakabidhi zamu, saa tatu mtu mzima anavalishwa koti na kutolewa nje katikati ya wimbo anaoupenda.

Bendi ile ikaanzisha kampeni, Stay Up Late, kudai haki ya mtu kuchelewa kulala akitaka. Wapo walioiona kampeni hiyo kuwa kichekesho cha wanamuziki. Kwangu mimi ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuingia katika mvutano unaowagusa maelfu ya watu wanaoishi katika nyumba zenye wahudumu wa kulipwa usiku na mchana: maisha yao ya kijamii yaendeshwe namna gani, na nani ashike saa?

Upande mmoja wapo wanaoendesha nyumba hizo, na familia nyingi nyuma yao. Wanataka ratiba: siku ya kuogelea, siku ya kazi za mikono, siku ya muziki, matembezi ya pamoja mwisho wa juma kwa gari la nyumba. Upande wa pili wapo wanaodai maisha ya mtu mmojammoja: kila mkazi atoke kwa shauku yake, kwa saa yake, na mtu anayemtaka. Hawa wa pili hueleweka vibaya. Huambiwa wanataka kuwanyima watu furaha pekee waliyo nayo, au wanawasemea wale tu wenye ulimi wa kujieleza.

Lakini ratiba haikuanza kama pingu. Anayejua palikuwa na nini kabla yake hawezi kuidharau. Willowbrook, taasisi ya jimbo la New York iliyofungwa mwaka 1987, ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000. Kufikia mwaka 1965 ilikuwa imesheheni watu kama 6,000. Watu walikaa kutwa katika kumbi tupu, bila kazi, bila mchezo, wengine bila nguo. Mzazi aliyekulia enzi hizo akiona karatasi ukutani inayosema Jumanne ni kuogelea, anaona ushindi. Ukimwambia karatasi ile inambana mwanawe, atakuuliza kama unataka kumrudisha kwenye ukumbi mtupu.

Hesabu nayo haina huruma. Nyumba ina wakazi watano na wahudumu wawili jioni. Mmoja akitoka na mkazi anayetaka kwenda kusikiliza muziki, wanabaki wanne na mhudumu mmoja. Ikiwa kati ya wanne hao yumo anayehitaji watu wawili kumnyanyua kutoka kitini hadi kitandani, basi hakuna atakayetoka. Meneja anayekataa si lazima awe mkatili. Huenda amekwisha kufanya hesabu hiyo mara tatu. Ongeza kifafa na maji ya bwawa, ongeza matapeli wanaojifanya marafiki hadi fedha za mtu ziishe, na utaelewa kwa nini wote watano wanapakiwa gari moja na kurudi pamoja jua likiwa bado lipo.

Mwaka 1969 Msweden Bengt Nirje aliandika juu ya kanuni iliyobadilisha fikra za huduma hizi: mtu mwenye ulemavu wa akili apate mwendo wa maisha ulio karibu kadiri iwezekanavyo na wa watu wengine. Alitaja mwendo wa siku, wa juma na wa mwaka. Kazi iwe pengine, nyumba pengine, starehe pengine. Na akielezea mwendo wa siku, akataja kitanda: mtu asilazimishwe kulala mapema kuliko wadogo zake, wala mapema mno kwa sababu ya uhaba wa wahudumu. Zaidi ya miongo mitatu baadaye bendi ya panki ililazimika kulidai jambo hilohilo kwa sauti. Taasisi kubwa zilikuwa zimefungwa katika nchi nyingi za Magharibi na nyumba ndogo zimejengwa katikati ya mitaa, lakini saa ya kulala iliyofungwa kwenye zamu ilihama pamoja na wakazi.

Nitaing'ang'ania saa hii, kwa sababu madhara yake ni mapana kuliko yanavyoonekana. Mtu anayepaswa kuwa kitandani saa nne ataogeshwa kabla ya hapo, na kabla ya kuoga atakuwa amekula. Chakula cha usiku kinasogea kuelekea saa kumi na moja jioni. Maana yake alasiri nzima inajipanga kwa kuelekea kitandani. Kwaya inayofanya mazoezi saa mbili hadi saa tatu na nusu haimfai. Kazi ya jioni haimfai. Mechi ikienda dakika za nyongeza, haoni mshindi. Harusini anakula, lakini dansi linaanza akiwa garini. Hakuna aliyemkataza lolote kati ya hayo, na ukiuliza utaambiwa kwa moyo safi kwamba yuko huru kujiunga na chochote.

Jambo la pili kuhusu saa hiyo nalisikia mara chache. Watu hufahamiana shughuli ikiisha. Wakati wa wimbo kila mtu anatazama jukwaa, wakati wa mazoezi kila mtu anamtazama kiongozi. Ni baada ya hapo, viti vinapopangwa na nyaya kukunjwa, ndipo mtu anamwambia mwenzake "shika huku nishike kule", wanaulizana majina, mmoja analalamika juu ya mguu wake, mwingine anaahidi kuleta kitu wiki ijayo. Mtu anayeondoka wa kwanza kila mara hukosa sehemu hiyo kila mara. Anaweza kuhudhuria miaka sita na asijulikane kwa jina.

Kiswahili kinasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hiyo tunaitumia kuwasema wageni wasioondoka, lakini ina uso mwingine: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Anayepewa kazi amehesabiwa kuwa mwenyeji. Wakazi wa nyumba hizi ni wageni wa kudumu. Huletwa, hukalishwa mstari wa mbele, hupigiwa makofi, hupewa kinywaji, hurudishwa. Kundi la watu watano na wahudumu wawili likiingia mahali, linapokelewa kama msafara, na hakuna anayempa msafara jembe. Mtu mmoja akifika na msaidizi mmoja, Alhamisi baada ya Alhamisi, mapema au baadaye ataombwa asogeze meza.

Ndiyo maana hesabu ya matembezi hainiridhishi. Taarifa ya nyumba ikisema mkazi ametoka mara 12 mwezi huu, inanieleza juu ya gari na mafuta. Ningependa kujua kama kuna mahali hata pamoja ambapo mtu huyo huuliziwa. Asipoonekana wiki hii, yupo mtu asiyelipwa kwa ajili yake atakayesema, mbona leo hayupo? Mara 12 katika sehemu 12 tofauti zinaweza kuwa na thamani ndogo kuliko mara 4 katika sehemu moja. Ratiba ya kundi hupenda mabadiliko, leo bustani ya wanyama, kesho bwawa, kwa sababu lazima iwaridhishe watano wenye shauku tano. Kujulikana kunataka kurudi palepale mpaka uzoeleke.

Sheria ya kimataifa imekwishaliona hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia katika Ibara ya 19 haki ya kuishi kwa kujitegemea na kuwa sehemu ya jamii. Mwaka 2017 kamati inayousimamia ilitoa ufafanuzi, Maoni ya Jumla Namba 5, na humo ikataja dalili za taasisi ambazo hazihusu ukubwa wa jengo: kulazimika kutumia msaidizi mmoja pamoja na wengine, utaratibu mgumu usiojali matakwa ya mtu, na shughuli zilezile mahali palepale kwa kundi la watu walio chini ya mamlaka moja. Kamati ikasema wazi kuwa hata nyumba ya watu watano hadi wanane, hata makazi ya mtu mmoja, haitoki katika sura ya taasisi ikiwa dalili nyingine zimebaki. Kwa kipimo hicho, matembezi ya pamoja ya kila Jumamosi, yaliyoandaliwa kwa upendo wote, yanaweza kuwa kipande cha taasisi kinachotembea kwa magurudumu.

Hapo watetezi wa upande ninaoupenda huteleza, na ni haki wasahihishwe. Wapo wanaovuka kutoka kwenye hoja hii hadi kuziona klabu za watu wenye ulemavu kuwa aibu ya kufutwa. Mkataba wenyewe hausemi hivyo. Ibara ya 30, katika kifungu chake cha 5, inataka watu wenye ulemavu washiriki michezo ya watu wote, na papo hapo inataka wapate nafasi ya kuandaa na kushiriki michezo na burudani zao wenyewe. Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza Chicago mwaka 1968, imewapa watu wengi marafiki wa maisha. Mtu aliyepata rafiki wa kweli katika klabu ya watu kama yeye asiambiwe kwamba urafiki huo ni wa daraja la pili. Ninachouliza ni kama alikwenda kwa kupenda au kwa sababu gari lilikuwa linakwenda huko, na kama anaweza kumpigia rafiki huyo simu na kuonana naye siku isiyo ya klabu.

Na kuna swali zito zaidi: vipi yule asiyesema? Mtu mwenye ulemavu mkubwa, asiyetumia maneno, anayechoka haraka, anayetishwa na kelele. Wengi hulitumia swali hili kufunga mjadala, kana kwamba asiyesema hachagui. Lakini mhudumu anayemjua mtu huyo anajua vizuri anachopenda. Mabega yanashuka. Pumzi inatulia. Mkono unakwenda kwenye redio. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji zaidi kutoka na msaidizi mmoja anayemsoma, kwenda mahali palepale penye sauti na harufu anazozijua, na kuondoka anapoonyesha kuchoka, hata kama ni baada ya dakika ishirini. Katika gari la watano atasubiri wanne wamalize. Hoja ya kutoka mmojammoja inamtetea huyu kabla ya kumtetea msemaji hodari.

Kuhusu hatari, Mmarekani Robert Perske aliandika mwaka 1972 juu ya heshima iliyomo ndani ya kuthubutu: kumkinga mtu na kila hatari ya kawaida ni kumpunguzia utu. Nakubaliana naye, ila sipendi maneno hayo yatumiwe na meneja anayepunguza wahudumu. Kumwacha mtu aende peke yake kwa sababu hakuna wa kumsindikiza si kuheshimu uthubutu wake.

Basi fedha. Saa za mhudumu mmoja kwa mkazi mmoja ni ghali, na anayesema vinginevyo hajawahi kupanga zamu. Uswidi walilikabili kwa sheria: LSS, sheria ya msaada na huduma kwa watu wenye ulemavu iliyoanza kutumika mwaka 1994, inaitaja huduma ya kusindikizwa na ile ya mtu wa kuwa naye karibu kama haki zinazojitegemea, na inasema burudani na utamaduni ni sehemu ya makazi yenye huduma, si zawadi ya juu yake. Wale wa Stay Up Late walichukua njia nyingine. Kupitia mradi wao wa Gig Buddies humkutanisha mtu mwenye ulemavu na mtu wa kujitolea anayependa muziki uleule, waende pamoja. Njia hii haichukui nafasi ya mhudumu kwa anayehitaji dawa au kunyanyuliwa, lakini inaleta mtu anayebaki hadi wimbo wa mwisho kwa sababu na yeye anautaka.

Kuna yanayowezekana hata kabla ya sheria na fedha. Zamu inaweza kukabidhiwa saa sita usiku siku moja kwa juma. Saa zisizotumika Jumatatu tulivu zinaweza kuwekwa akiba kwa ajili ya Ijumaa ya mtu. Mhudumu anayependa mpira apangwe na mkazi anayependa mpira, badala ya kupangwa kwa herufi za jina. Meneja wengi wangeweza kuanza mwezi ujao, na wengine wameshaanza.

Kwa familia inayokwenda kutembelea nyumba ya namna hii, wakifunguliwa faili la picha za matembezi, watazame kwa furaha, halafu waulize mara ya mwisho mkazi yeyote kurudi baada ya saa nne usiku ilikuwa lini, na alikuwa na nani.