Mashua ya Saa Nne

Mama mkwe wangu alishuka kwenye bajaji, akajifunga kitenge vizuri, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, bahari iko wapi?"

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, Kunduchi Pwani. Mbele yetu mchanga mtupu, mwani, ngalawa zimelala ubavu, na vijana wanacheza mpira palepale ambapo, kwa mujibu wa ratiba yangu, mashua mpya ya futi 28 ilitakiwa iwe inaelea baada ya dakika ishirini na tano. Bahari ilikuwepo, sikatai. Ilikuwa kule mbali, upande wa Mbudya, inametameta kama haituhusu.

Mimi ni karani wa stoo Kariakoo. Bahari naijua kwa pantoni la Kigamboni, tena nikipanda huwa natafuta nafasi ya katikati. Mvuvi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye alikuwa na ujuzi bila fedha, mimi nina mshahara bila ujuzi, tukaunganisha. Tukampata fundi mmoja mzee pale Kunduchi, kila mtu anamwita Babu Fundi, na kwa miezi saba kila Jumapili nikawa napanda daladala hadi Mtongani kwenda kuangalia fedha yangu inavyogeuka mbao.

Nilienda mara ya kwanza nikiwa na tepu mpya ya mita 5, zawadi. Babu Fundi akashukuru sana. Jumapili iliyofuata nikaikuta inazuia mlango wa banda usipigwe na upepo. Yeye vipimo vyake ni shibiri, uzi na jicho moja lililofumbwa. Mkuku, uti wa mgongo wa mashua, ulilazwa hivyo, fashini, mti unaosimama kwenye ncha ya mkuku, ikasimamishwa hivyo, na mataruma, zile mbavu, yalitoka kwenye matawi ya mwembe yaliyopinda yenyewe. Alikuwa analizungukia tawi, analitazama, anasema "huyu ni wa tatu kutoka mbele," na kweli, likichongwa kidogo kwa tezo linakaa kwenye mbao kama lilizaliwa hapo. Matundu ya misumari yalitobolewa kwa keekee, ile ya kuvuta uta mbele na nyuma, na kila msumari ulizungushiwa pamba shingoni kabla ya kupigwa. Sikuona ramani wala karatasi.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa ya kalafati: kushika pamba iliyochovywa kwenye sifa wakati fundi anaishindilia kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Kwa wasiojua, sifa ni mafuta ya samaki, na haya yalikuwa ya papa. Mjini kuna watu wanapenda sifa. Hawajainusa. Kwenye daladala ya kurudi nilikuwa nakaa kiti cha watu wawili peke yangu, na nyumbani mke wangu alikuwa ananivulia nguo uani kama anachuna mbuzi.

Basi, siku ikafika. Babu Fundi akasema, "Tunashua Jumamosi, mwezi umeshapevuka, bamvua, maji makubwa. Maji ya alasiri."

Hapo mtu mwenye akili angeitikia "inshallah" akaenda zake. Mimi nimezoea stoo, mzigo unaingia kwa saa na dakika. Alasiri ndiyo saa ngapi? Nikaingia kwenye simu, nikatafuta jedwali la maji ya Dar es Salaam, nikaona Jumamosi maji yanajaa 4:10. Nikafurahi kama nimevumbua kitu. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Mashua yetu inashushwa Jumamosi 4:10. Njooni mapema, ukichelewa utaikuta Mbudya."

Shangazi yangu wa Tandika akauliza: "Saa nne asubuhi au usiku?"

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Asubuhi, Shangazi. Nani anashusha mashua usiku?"

Nikaenda kulala. Kesho yake saa nne asubuhi ikawa ukweli. Nikakodi turubai kwa saa nne asubuhi, viti 60 kwa saa nne asubuhi, na MC mmoja anayelipwa kwa saa, aanze saa nne asubuhi. Shemeji alikuwa baharini wiki nzima, simu haishiki. Babu Fundi hayumo kwenye kundi. Hana hata simu ya kuingia kwenye kundi.

Sasa kwa faida ya wale ambao, kama mimi, bahari wanaijua kwa pantoni. 4:10 ya kwenye simu ni saa kumi na dakika kumi. Hilo kila Mswahili analijua tangu darasa la pili, na mimi nalijua pia, ndiyo maana inauma. Kosa lenyewe ni la saa sita. Na maji nayo, kutoka kujaa hadi kupwa, yanachukua kama saa sita na kidogo. Ningekosea saa mbili ningeyakuta yako njiani. Ningekosea saa kumi na mbili ningekuta yamejaa tena, nikaonekana mtaalamu. Nilikosea saa sita kamili, na bahari ya bamvua huku kwetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yaani katika saa 24 nilichagua dakika ileile ambayo maji yako mbali kuliko dakika zote.

Babu Fundi alitukuta tumesimama na kanzu zetu. Nikamwonyesha simu. Akaiweka mbali na macho, akaisoma, akanirudishia.

"Hiyo ni saa nne ya Kizungu, mjukuu wangu. Bahari haijachelewa, ninyi ndio mmewahi."

Shemeji, ambaye alikuwa amefika usiku ule, akajitenga kidogo kwenda kucheka nyuma ya mnazi. Nilimwona mabega.

Ikabidi tusubiri. MC akatakiwa kujaza saa sita zilizokuwa zimepangiwa dakika kumi. Alimaliza utani wake wote kabla ya saa tano, akaanza kututambulisha ndugu mmoja mmoja, akamaliza, akaanza upya kwa kufuata umri. Shangazi wa Tandika alipopewa kipaza sauti alisema sentensi moja tu: "Mimi niliuliza." Akaketi. Akapigiwa makofi kuliko mtu yeyote siku ile.

Lakini la turubai sijalisema. Vijana wa turubai walipofika asubuhi waliniuliza tufunge wapi, nikawaonyesha mchanga ule chini, uliolala vizuri, hauna kinyesi cha mbuzi, una upepo. Babu Fundi alinionya. Alisema, "Hapo mlipokaa ni baharini."

Nikageuka, nikaangalia maji yalivyo mbali, nikamwambia, "Babu, tutahama tukishakula."

Maji ya bamvua hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, hata huyaoni. Ya tatu na ya nne yanakimbia. Pilau lilipakuliwa saa saba. Watu wameshiba, kivuli kizuri, MC anaimba taratibu, wazee wanasinzia. Na bahari haikuja na wimbi ukasema angalau tumeshambuliwa. Ilijipenyeza chinichini. Mimi nilijua pale ndala yangu iliponipita mbele ya macho ikielekea kwenye sufuria.

Kilichofuata kilikuwa kelele tupu. Kina mama wanainua vitenge, watoto wanashangilia, mtu anaokoa spika kabla ya kuokoa bibi yake. Mama mkwe wangu hakusimama. Alibaki kwenye kiti, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akanitazama.

"Naona imekuja," akasema.

Vijana wanne wakambeba na kiti chake hadi kwenye banda la Babu Fundi, kama malkia. Turubai tuliliokoa. Viti vingi pia. Vilivyobaki vikaanza safari, miguu juu, upepo wa kusi unavisukuma taratibu kuelekea Ununio.

Saa kumi na dakika kumi mashua ikashushwa, na hapo hapakuwa na tatizo lolote, kwa sababu mimi sikuhusishwa. Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, tende zikagawiwa. Magogo ya mnazi yakapangwa chini ya mkuku, kamba mbili mbele, watu kama arobaini wakiwemo wacheza mpira wa asubuhi. "Harambee!" "Hee!" Ilitambaa mchangani kwa dakika chache tu, nzito na nyeupe tumboni kwa chokaa na shahamu, yale mafuta ya mnyama, halafu ghafla uzito ukawatoka mikononi. Ikaelea. Nakiri nililia kidogo, ingawa nilikuwa nimelowa kote na hakuna aliyetofautisha.

Nikarukia ndani kama mwenye mali. Baada ya dakika tano nikaona maji miguuni, nikapiga kelele kwamba inazama. Babu Fundi akanirushia kopo kutoka ufukweni. "Haizami, inakunywa! Mbao zimekaa juani miezi saba, ziache zivimbe. Wewe chota!"

Nikachota. Nikiwa nimeinama kwenye ngama, pale chini maji yanapojikusanya, na kanzu ya harusi yangu, shemeji akatweka tanga tukaenda kufanya safari ya kwanza ya mashua yetu, ambayo miezi saba nilikuwa naiwazia: jodari, nguru, mnada. Mzigo wa kwanza ulikuwa viti vya plastiki 17. Viwili hatukuvipata. Mwenye viti aliponiuliza vimeenda wapi nilimwonyesha upande wa kaskazini tu, nikamlipa.

Ubavuni hatukuwa tumeandika jina, kwa sababu mimi nilitaka la mke wangu na shemeji alitaka la mama yake. Mama mwenyewe alipoulizwa akasema jina tayari lipo, pwani nzima wanalitumia, kupaka rangi ni kumalizia tu. Limeandikwa kwa bluu, herufi kubwa.

Juzi nikiwa stoo, shemeji akapiga simu kutoka soko la samaki la Feri, nyuma yake nasikia watu wa mnada.

"Shemeji, Saa Nne imeingia."

"Imeingia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Vijana wa stoo wakanitazama. Nikawaambia wapakue mzigo.