Pilau haikuguswa

Naanza na hilo kwa sababu jamaa yangu wa Vitz keshatangaza kwenye magrupu yote kwamba siku ya Idi Pili niliparamia sufuria la pilau kwa Escort ya baba mkwe. Mwongo huyo. Pilau haikuguswa. Kilichoguswa ni kachumbari, na maelezo yake yanakuja. Halafu ile video aliyoirusha kaikata pale panapomfaa, ndiyo maana hamumsikii yeye mwenyewe akipiga kelele, "Achia! Achia! Nafasi ipo!"

Mnaonifuata siku nyingi gari hii mnaijua. Kwa wageni: ni Ford Escort ya 1972, ile ya umbo la kwanza, na mzee hakuinunua ili imfikishe kazini tu. Mwaka huo Hannu Mikkola alichukua Safari Rally kwa Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuwanyang'anya wenyeji kombe lile, na mpaka leo mzee anamtaja "Mikola" kama anayemtaja binamu yake wa Pangani. Kwa hiyo ukiigusa Escort ya mzee, umemgusa Mikola. Muelewe uzito niliojitwisha niliposema, "Baba, niachie mimi hiyo difu."

Difu yake ya asili, yaani ekseli ya nyuma yenye gia zinazozungusha tairi, ilikuwa imekwisha. Kupata kraun na pinia (zile gia mbili za ndani ya difu) ya Escort hapa Dar ni habari ya kuagiza Uingereza na kusubiri. Difu ya Hilux, ile ya two-wheel, kule Gerezani kwenye spea zimelala chini, unachagua. Ngumu, haichoki, na springi zake za nyuma ni za bapa kama za Escort. Ila ni pana mno. Ukiifunga ilivyo, tairi zinatoka nje ya madigadi. Dawa yake ni kuikata iwe fupi.

Na hapo, wadau, naomba mnipe haki yangu, kwa sababu kukata kule kulikuwa kazi safi. Bomba la difu tulilikata pande zote mbili, tukapitisha chuma kimoja kilichonyooka kuanzia beringi ya kushoto mpaka ya kulia ili lisipinde, fundi akalichomelea kwa vipande vidogovidogo: kidogo huku, anahamia ng'ambo, anaacha lipoe. Welding ikipoa huvuta chuma, ukiunguza upande mmoja mfululizo unapata ndizi. Hafushafti, zile shafti mbili za kuzungusha tairi, zilikwenda kwa fundi wa kukereza, zikafupishwa na kuchongwa meno mapya. Wapo wanaokata shafti katikati na kuiunga kwa welding. Hao waombeeni dua. Zetu ziliingia zikazunguka kwa kidole. Nilipiga picha, mkaipenda, mmoja akaandika "mkwe wa mfano". Yule aliyeandika hivyo leo ndiye kaongoza kwa vicheko.

Sasa sikilizeni tulipoharibu. Ili bomba lipendeze tulikata vikalio vya zamani vya springi, tukapiga grenda mpaka likawa laini, tukalipaka rangi nyeusi. Likang'aa. Likang'aa mpaka hakuna aliyejua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Kichwa cha difu, kile chenye kraun na pinia, tulikuwa tumekitilia alama ya patasi kabla ya kukitoa, kwa hiyo kilirudi kwenye bomba sawasawa na alama yake, mambo ya kitaalamu kabisa. Kisha tukapima vikalio vipya, mimi nimeshika, fundi anachoma.

Vikalio hukaa tumboni mwa bomba. Sisi tulivichomelea mgongoni.

Dalili zilikuwepo, sisemi hazikuwepo. Ile nati ya kumwagia oili, ambayo kawaida inaangalia ardhi, kwetu ilikuwa inaangalia mbingu. Fundi akasema, "Wajapani bwana, wamekuwekea pa kujazia juu, hata huinami." Tukajaza hapohapo. Propela, ile shafti inayotoka gia boksi kwenda difu, nayo ilikaa juu kuliko ilivyokuwa, mimi nikafurahi, nikasema matuta ya Temeke hayatatupata. Gari likavutwa na Canter mpaka Chang'ombe kwa mzee, maana injini ilikuwa bado haijapandishwa. Likivutwa halina siri: liko free, tairi zinafuata kamba. Tukaja kufunga injini palepale uani.

Idi Pili ikafika. Ua umejaa. Turubai limefungwa nyuma ya gari, chini yake meza, juu ya meza beseni la bati la kachumbari, pembeni jiko na sufuria lenyewe. Mama mkwe na shemeji zangu wanapakua. Mbele ya gari, geti limefunguliwa kote, watoto wamejipanga kulia na kushoto kama wanasubiri mwenge. Mzee kavaa kanzu mpya na kofia, kaketi kushoto kwangu, mikono juu ya magoti. Akasema, "Bismillahi. Haya mkwe."

Nikawasha. Ikawaka mara moja. Vigelegele.

Nikakanyaga klachi, nikaweka namba moja. Nikatazama geti. Nikaachia klachi taratibu, kistaarabu, kama mtu aliyembeba baba wa mkewe.

Geti likaanza kwenda mbali.

Kwa kitambo kidogo nilidhani kweli watoto wanalisukuma. Ubongo ulikataa jambo lingine lolote. Geti linakwenda, watoto wanakwenda nalo, na mzee, bila kugeuza shingo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mkwe, hiyo rivasi."

"Hapana baba, ni namba moja."

Akakitazama kijiti cha gia. Akanitazama mimi. Akarudi kutazama kijiti.

Nikakanyaga breki, nikarudisha free, nikaitafuta namba moja upya mpaka nikaisikia inaingia. Moja. Nikaachia. Nyuma tena. Wa kwanza kucheka alikuwa mtoto wangu mwenyewe. Ndipo huyu wa Vitz, simu yake mkononi, alipopaza sauti, "Hiyo moja imekufa! Jaribu mbili! Achia! Achia! Nafasi ipo!"

Nikamsikiliza. Jamani, nilimsikiliza! Nikaweka mbili na, kwa kuogopa injini isizime mbele za watu, nikaongeza mafuta.

Escort ya mzee, niwaambie, ina nguvu. Tulirudi nyuma kwa mwendo ambao Mikola angeukubali. Kwenye kioo cha juu nikaona turubai linakua. Nikaona shemeji zangu wawili wameshika sufuria masikio huku na huku wakilihamisha kwa hatua fupifupi, mama mkwe akiwatangulia na mwiko, na hata tone la mchuzi halikumwagika. (Pilau haikuguswa. Andikeni.) Mguu ukaipata breki, lakini bampa lilikuwa limeshawahi kuipiga meza. Kigongo kidogo tu. Beseni likateleza polepole kuja upande wetu, likasita ukingoni, nami nikalisihi kwa moyo wangu wote, kisha likajimwaga juu ya buti. Kipande cha nyanya kikapanda mpaka kioo cha nyuma kikaganda hapo, kinanitazama.

Kimya. Injini peke yake ndiyo inaunguruma.

Mzee akavua kofia, akaikung'uta, ingawa haikuwa na kitu, akaivaa. Akasema, "Sasa weka rivasi."

"Baba..."

"Weka."

Nikaweka rivasi. Tukaenda mbele.

Tulitoka getini kwa rivasi, uso mbele, gia inalia, watoto wanakimbia pembeni, vitunguu vinadondoka nyuma yetu. Majirani wa kule mtaani, ambao hawakujua lolote, walisimama wakapiga makofi. Mzee akawapungia mkono. Tukafika dukani kwenye kona, akanunua maji, akaniambia turudi. Kurudi ndiko kulikokuwa na raha, maana kwenda nyuma tulikuwa na gia nne za kuchagua.

Kwa mnaouliza kwenye maoni: bomba likikaa kichwachini, kichwa cha difu nacho kinapinduka, kraun inahamia upande wa pili wa pinia, na tairi zinazunguka kinyume. Injini nzima, gia boksi nzima, ni ule mgeuko tu. Na yule aliyeuliza mbona inavuja, ni lile tundu la kupumulia difu. Linatakiwa liwe juu lipumue hewa. Sisi tumeliweka chini, linapumua oili.

Dawa ni kushusha difu, kukata vikalio, kugeuza bomba na kuchomelea upya. Nusu siku. Fundi alikuja juzi na grenda yake, hataki kuniangalia machoni, nami vilevile. Mzee akamrudisha kuanzia getini. Kumbe Jumamosi wenzake wa bao wanakuja, na kawaahidi kuwaonyesha Escort yenye gia nne za kurudi nyuma. Amekataa isiguswe mpaka waione.

Mama mkwe anataka beseni lake, la bati, la plastiki asiletewe. Jamaa wa Vitz kaalikwa rasmi, na ameambiwa aje na simu yenye chaji. Mimi sikualikwa. Nimeagizwa tu niwahi kufika, kwa sababu mzee anahitaji dereva.