Kwetu Nyumba Bila Ardhi, Huku Nyumba Bila Paa

Ajenti anayetutafutia nyumba hapa Stockton, California, alitupa habari ya sola meno yote nje. Nyumba ina vyumba vitatu, gereji, mlimau uani, na paa upande wa kusini limejaa paneli. Mimi niliyesoma kwa koroboi likizo zote kwa shangazi Kwale, nikiamka na masizi puani, nilikuwa nimeshahamia humo kwa mawazo kabla hajamaliza kusema. Ndipo akafungua faili la pili. Paneli si za muuzaji. Ni za kampuni, na sisi tukinunua nyumba tunaurithi mkataba wa kuzikodi. Mkataba unaisha 2042.

Mwaka 2042, jamani. Kitindamimba wangu atakuwa na ndevu.

Nimeusoma wote, kalamu mkononi. Mwenye nyumba alitia sahihi mwaka 2017, miaka 25, bila kutoa hata senti ya kianzio, na hapo ndipo walipomnasa. Alianza kwa dola 120 kwa mwezi, na kila mwaka malipo yanapanda asilimia 2.9. Ukiitazama asilimia hiyo peke yake haimtishi mtu. Sasa shika kikokotoo. Mwaka 2025 zilifika dola 150, na mwaka wa mwisho zitapita 235. Kuanzia 2025 hadi mwisho ni kama dola 39,000, zaidi ya shilingi milioni 5 za Kenya, na siku hiyo ya mwisho paneli bado ni zao. Utaambiwa uchague: urefushe mkataba, uzinunue kwa bei ya soko, au waje wazing'oe. Yaani nizinunue paneli kuukuu ambazo nyumba hii imezilipia robo karne!

Na msidhani ni kampuni moja yenye tamaa. Hivi ndivyo biashara hii ilivyo huku. Serikali ya Marekani ilikuwa ikimpa mwenye paneli nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama. Mwenye paneli ni nani? Ni kampuni. Kwa hivyo paa ni lako, jua ni la Mungu, nafuu ni yao, na bili ni yako.

Hebu nimlete shangazi hapa. Kwake ni ndani kabisa, nguzo za stima zimeishia barabarani. Miaka kadhaa nyuma alichukua sola ya kulipia kwa M-Pesa, biashara ambayo M-KOPA waliianza Kenya mwaka 2012: paneli ya wati 8, taa chache, redio na waya wa kuchajia simu. Unatoa kianzio, halafu shilingi 50 kwa siku. Usipolipa kisanduku kinajifunga, unalala giza. Ukilipa kinafunguka. Shangazi alilipa kwa pesa za maandazi, leo siku tatu kwa mpigo, kesho hana kitu. Baada ya mwaka na miezi kadhaa ikaingia meseji kwamba amemaliza. Alimwita mjukuu amsomee, akamwambia arudie, kisha akampa onyo asije akaifuta. Meseji iko kwenye simu hiyo mpaka leo. Kioo kimepasuka, vitufe vimefutika namba, na ukimwambia nikutumie simu mpya anakuuliza ujumbe wake utauhamisha vipi.

Shilingi 50 kwa siku, mwaka na kitu, na mali ni yake. Dola 150 kwa mwezi, miaka 25, na mali si yako. Nielezeni nani kati ya hawa wawili anaishi nchi iliyoendelea.

Tayari namsikia mhandisi mmoja akisafisha koo. Wati 8 haziwashi hata pasi, sembuse mitambo ya kupoza hewa ya nyumba nzima! Kweli. Stockton wakati wa kiangazi kuna siku joto linapita nyuzi 38, na redio ya shangazi haitanisaidia kitu. Lakini mimi silinganishi wati, nalinganisha mikataba. Mkataba wa shangazi una mwisho, na mwishoni kuna mali. Huu wangu una mwisho, na mwishoni kuna lori la kampuni.

Nilimpigia kumweleza. Akanyamaza kwanza, nikadhani bando limekwisha.

"Kwa hivyo nyumba umenunua wewe?"

"Tunajaribu, shangazi."

"Na paa?"

"Na paa."

"Na vilivyo juu ya paa?"

Nikaanza kumweleza habari za kampuni na mkataba, akanikata. "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako." Na kicheko juu yake, kile chake cha kupiga paja.

Kinachonikera zaidi ni mtihani. Ili niurithi mkataba, kampuni inataka kwanza kuchungulia rekodi yangu ya mikopo, CRB ya huku, ione kama nafaa. Benki inanichunguza kwa sababu inanipa pesa, hilo naelewa. Lakini hawa hawanipi chochote. Mimi ndiye nitakayewabebea vyombo vyao kichwani mwa nyumba yangu, na bado ni mimi ninayetahiniwa! Paa likivuja chini ya paneli, fundi wa paa haruhusiwi kuzigusa. Unaita kampuni, wanazitoa, fundi anafanya kazi, wanazirudisha, na kuzitoa na kuzirudisha kunaweza kukugharimu maelfu ya dola.

Benki nayo ina lake. Kwa kanuni za Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, na ambazo wengi wao hapa wanazifuata, paneli za kukodi haziongezi thamani ya nyumba hata dola moja kwenye makadirio, kwa kuwa si mali ya mwenye nyumba. Haya, nimekubali. Lakini malipo ya kila mwezi kwa kawaida yanahesabiwa kama deni langu, na yanapunguza mkopo ninaoweza kupewa. Kwenye mali ni sifuri, kwenye madeni zimo. Halafu ukipekua rekodi za nyumba kwenye ofisi ya kaunti unakuta notisi ya kampuni imebandikwa humo, kwamba chochote kilicho juu ni chao. Aliyewahi kufanya upekuzi wa shamba Ardhi House akakuta zuio anaijua baridi hiyo ya tumbo.

Sasa hapa kuna watu wameshaanza: "Ona huyu, amekuja kututangazia ananunua nyumba Amerika." Ndugu, nyumba ni ya mkopo wa miaka 30. Ningetaka kujidai ningeweka picha ya mlimau nikanyamaza kuhusu paneli, kama wafanyavyo wengi wetu. Nyinyi mnaona gari, hamuoni barua ya benki. Nimeamua kuiweka barua ya benki mezani, na bado naitwa mwenye maringo.

Kuna wengine watakaotoka upande wa pili: si urudi basi, kama Kwale ni kuzuri hivyo? Sikusema Kwale hakuna shida. Agosti 2023 giza lilipoangukia nchi nzima mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mimi nilikuwa na ndugu yangu humo ndani, msinihadithie. Lakini ngoja niwape jambo litakalowafurahisha wenye jenereta. Paneli hizi, bila betri, stima ya mtaa ikikatika nazo zinazima. Jua la utosi, paa zima limemetameta, na ndani friji imenyamaza. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, imeundwa hivyo ili isisukume stima kwenye nyaya ambazo fundi anazishika akijua hazina kitu. Sababu ni ya haki, sibishi. Ila Oktoba 2019, PG&E, kampuni ya stima ya huku, walipowakatia stima mamia ya maelfu ya wateja wa California kwa hofu ya moto wa msituni, wenye sola bila betri walikaa giza pamoja na majirani wasio nayo. Taa ya shangazi haijawahi kumuuliza Kenya Power ruhusa.

Na mtu wa Mombasa ananisubiri pembeni na hoja yake, kwa sababu ananijua. Wewe si mtoto wa Majengo? Baba yako si mwenye nyumba bila ardhi? Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja pekee inayonifunga mdomo kidogo. Kuta ni za baba, mabati ni ya baba, mlango wa nakshi aliuchonga babu, na chini ya vyote hivyo ardhi ni ya watu wengine. Nimekua nikimwona karani akija mwisho wa mwezi na kitabu cha risiti, anakaa barazani, anapewa chai, anapokea kodi ya kiwanja, anararua karatasi. Ukitaka kuongeza ghorofa unaomba. Ukikataliwa, umekataliwa. Watu wa Pwani wamezaliwa, wameoa na wamezikwa katika nyumba za namna hiyo, na hakuna serikali iliyokuja ikashindwa kuahidi hati wakati wa kura.

Basi ndiyo sababu nimekasirika kiasi hiki. Mkenya wa bara akiona mkataba huu ataona karatasi. Mimi namwona karani. Sikuvuka bahari, nikabeba maboksi ghalani usiku, nikajenga hiyo rekodi ya mikopo wanayotaka kuichungulia, ili nije niwe mwenye nyumba bila paa. Ardhi hapa nitapata, hati itatoka safi na jina langu, hakuna atakayeniandikia ukutani "Plot hii haiuzwi" (Marekani nawasifu kwa hilo, tena sana), kisha kule juu nimkute karani amekaa.

Huyu wa huku hata chai hanywi. Anakata pesa moja kwa moja kwenye akaunti.

Haki nayo niiseme. Yuniti moja ya stima hapa inafika senti 40 na zaidi za dola, na mke wangu ameniandikia hesabu nyuma ya bahasha kuonyesha kwamba, kwa miaka ya mwanzo, dola 150 za kukodi zinaweza kuwa chini ya bili ambayo tungelipa bila paneli. Hesabu yake naiheshimu. Paneli za 2017 ziko kwenye utaratibu wa zamani, ule ambao stima unayorudisha mtaani inahesabiwa karibu sawa na unayonunua. California iliufunga mlango huo kwa waombaji wapya Aprili 2023, na bei ya stima inayorudishwa ikashuka kwa takriban robo tatu. Nyumba hii imo ndani ya mlango bado.

Ila angalieni tarehe, ajenti hakuzigusa. Utaratibu wa zamani unalindwa miaka 20 tangu paneli ziunganishwe. Hiyo ni mpaka 2037. Mkataba unaisha 2042. Miaka 5 ya mwisho, malipo yakiwa juu kuliko wakati wote na paneli zikiwa zimechoka kuliko wakati wote, nafuu yenyewe haipo. Nilipomwonyesha mke wangu aliigeuza bahasha, akaanza upya.

Kukimbilia nyumba mpya nako si dawa. Tangu Januari 2020 sheria ya California inataka karibu kila nyumba mpya ijengwe na sola, na wajenzi wengine wanakukabidhi nyumba ikiwa na mkataba uleule wa kukodi, rangi haijakauka. Kwa hivyo kila nyumba tunayoipenda swali langu la kwanza si shule wala usalama. Nauliza, juu ni kwa nani? Ajenti ameanza kulijibu kabla sijaliuliza.

Tumemwandikia muuzaji. Aumalize mkataba kwa pesa zake kabla hatujatia sahihi, paneli ziwe za nyumba na notisi ifutwe kwenye rekodi za kaunti, au apunguze bei kwa kiasi cha kuununua. Ajenti anasema tunakaza sana, na kwamba kuna mnunuzi mwingine yuko tayari, hana maswali mengi.

Mpeni.